Muziki wa Vitu Vichache na Haki ya Mwenye Kuupiga



Huenda wapo watakaouliza muziki unahusiana nini na kazi ya Haki na Amani. Wamezoea kusoma katika kurasa kama hizi juu ya mashamba yanayogombaniwa, wajane wanaonyang'anywa mali, vibarua wasiolipwa, na wafugaji wanaofarakana na wakulima. Swali lao ni halali, na jibu letu ni fupi. Popote mtu anapofanya kazi, na mwingine akafaidika kwa kazi hiyo, hapo pana suala la haki. Mpiga zeze ni mfanyakazi. Mama apigaye muheme ni mfanyakazi. Jasho lao si maji.

Tuanze na jambo la kujivunia. Mwaka 1996 ilitolewa huko Uingereza albamu iitwayo Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya "twende". Wasanii wake ni wawili tu: Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma katika Mkoa wetu wa Dodoma, na Charles Zawose wa ukoo wake. Kampuni iliyoitoa inaitwa Real World, nayo ilianzishwa mwaka 1989 na watu ambao mmoja wao ni Peter Gabriel, mwimbaji mashuhuri wa roki. Mtu angetazamia kwamba studio ya mwanamuziki wa namna hiyo ingewavika Wagogo wawili mavazi ya kigeni, yaani ngoma za umeme, magitaa na vinanda vikubwa. Haikuwa hivyo. Zilizosikika ni sauti zao na ala za nyumbani kwao, basi.

Ala hizo tunazifahamu. Ilimba ni kisanduku cha mti chenye vijiti vya chuma vilivyofuliwa bapa, vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Juu ya kitundu chake hubandikwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo wa pekee. Zeze ni uzi uliokazwa juu ya kibuyu au mti uliochongwa, ukasuguliwa kwa upinde. Nazo sauti za waimbaji wa Kigogo hutembea mbilimbili, moja juu na moja chini, bila kugongana, kama ndugu wawili katika njia moja. Vifaa vyote hivi hupatikana porini, jikoni na kwa mhunzi. Lakini kwa vifaa hivi vichache muziki wa Ugogo umesikilizwa katika majumba makubwa ya Ulaya, Amerika na Japani.

Kupenda vitu vichache hakukuanzia kwetu wala hakuishii kwetu. Hata katika muziki wa roki, unaojulikana kwa kelele na mitambo mingi, wamekuwapo walioamua kuvua yote hayo. Mwaka 1982 Bruce Springsteen, mwimbaji wa Marekani aliyekwisha kupata umaarufu mkubwa, alikaa nyumbani katika jimbo la New Jersey akarekodi nyimbo zake kwa gitaa, kinanda cha mdomo na mashine ndogo ya kaseti. Baadaye alijaribu kuzirekodi tena pamoja na bendi yake. Mwishowe kanda ile ya nyumbani ndiyo iliyotolewa kuwa albamu, kwa jina la Nebraska. Watu waliipenda kwa sababu ndani yake hapakuwa na pambo la kuficha maneno.

Basi, ndugu zangu, twaweza kusema kwamba Chibite na Nebraska zinafanana? Kwa upande wa sauti, ndiyo. Zote mbili zatufundisha kwamba kitu kizuri hakihitaji wingi wa mali ili kiwe kizuri. Lakini kwa upande wa haki, pana tofauti ambayo haifai kuipuuza, nayo ndiyo kiini cha tahariri hii. Yule Mmarekani aliviacha vitu vingi kwa hiari yake. Bendi yake ilikuwepo ikimngoja, na jina lake lililindwa na sheria na mikataba. Siku aliyotaka kurudi kwenye mitambo mikubwa alirudi. Mpiga zeze wa Chamwino au wa Mpwapwa, ambaye paa lake linavuja na watoto wake wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare, hakuchagua uchache huo. Tukimsifu kwa "maisha ya kiasi", tunamsifu kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Kanisa limefundisha siku zote kutofautisha mambo haya mawili. Fransisko wa Asizi, mwana wa mfanyabiashara wa nguo, aliuacha utajiri wa baba yake akaimba kwa furaha, nasi twamheshimu. Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015 alitukumbusha kwamba kuridhika na kidogo humweka mtu huru. Lakini Kanisa hilohilo, tangu barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, limesisitiza kwamba ujira wa haki si hisani. Umaskini uliochaguliwa ni fadhila. Umaskini uliobandikwa juu ya mtu na mwingine ni dhambi ya huyo mwingine.

Sisi wa nyanda hizi za kati tunalielewa jambo hili pengine kuliko wengine. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo mara nyingi haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Wazee wetu walijifunza kuishi kwa uwele na mtama, kwa mlenda uliokaushwa, kwa tembe zilizojengwa kwa miti na udongo wa hapohapo. Huo ulikuwa ustadi, wala haukuwa unyonge. Lakini wazee haohao walitusimulia juu ya Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, ni kweli. Hata hivyo, kabla ya ukame kuua, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yaliyopigana katika nchi hii yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ghala lilikuwa tupu kwa sababu lilikombwa. Tokea hapo Mgogo ajua kwamba kuishi kwa kidogo ni jambo moja, na kuachiwa kidogo ni jambo jingine.

Turudi kwa muziki. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alisikitika kwamba Watanganyika wengi waliosoma walifundishwa kucheza rumba, chachacha, tuisti na hata roki, wakati ngoma kama gombesugu, mangala na kiduo hawakuzicheza, na wengine hawakuwahi hata kuzisikia. Aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika miaka hiyo ya 1960 Hukwe Zawose aliitwa na Mwalimu kwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya muziki kwa niaba ya taifa. Baadaye alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na huko Bagamoyo ndiko alikofariki dunia mnamo Desemba 2003. Tazameni mzunguko wa mambo: roki, ambayo Mwalimu aliitaja kama alama ya kujisahau kwetu, miaka 34 baadaye ilimfungulia mlango wa studio mpiga ilimba wa Doduma. Wageni walikuja kutafuta kwetu kile ambacho sisi tulikuwa tunakionea haya.

Je, haya hiyo imekwisha? Twaogopa kwamba bado. Mji wetu unakua upesi. Uamuzi wa kuufanya Dodoma kuwa makao makuu ulitolewa mwaka 1973, Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Kwa hesabu za sensa, wakazi wa Mkoa waliongezeka kutoka 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625 mwaka 2022. Pamoja na watu zimekuja kumbi, mikutano, harusi za fahari na sherehe za kupokea wageni. Katika karibu kila sherehe hizo kinatakiwa kikundi cha ngoma za asili "kuchangamsha". Na hapo ndipo dhuluma inapopata mwanya.

Dhuluma ya kwanza ni ya ujira. Mara nyingi huonekana hivi: mpambaji wa ukumbi amelipwa, mpishi amelipwa, mwenye vipaza sauti amelipwa nusu kabla na nusu baada. Kikundi cha muheme kilichotoka kijijini alfajiri katika gari la mizigo, kikapiga juani saa tatu, hupewa soda, mkate na "asanteni sana". Akiuliza mmoja wao juu ya malipo, huambiwa kwamba ngoma ni mila, na mila haiuzwi.

Hoja hiyo yatupasa kuijibu vizuri, kwa maana ina sura ya ukweli. Ni kweli kwamba zamani mpiga ngoma kijijini hakudai fedha. Lakini hakuondoka mikono mitupu. Aliyeimba kwenye mavuno ya jirani alilimiwa shamba lake kwa zamu. Alikunywa na kula pale, akapewa nafaka. Alipougua, nyumba ile ile aliyoichezea ilimletea maziwa. Ulikuwa mkataba kamili, ingawa haukuandikwa. Leo tumemtoa katika kijiji kile tukampeleka ukumbini kwa watu wasiomjua, ambao hawatakwenda kumlimia wala hawajui anakolala. Tumeliacha lile deni la mila, tukabaki na burudani ya mila. Huko si kuheshimu mila. Ni kuchukua nusu inayotufaa na kuitupa nusu inayotudai.

Wengine husema, hasa katika mambo ya parokia, kwamba kupiga ni sadaka. Sadaka ni jambo takatifu, nasi tunawashukuru wanakwaya wanaojitolea mwaka mzima bila kuchoka. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Halmashauri ya parokia haiwezi kutoa sadaka kwa jasho la kikundi cha watu ambao hawakuulizwa. Anayetaka kutoa kipaji chake bure atasema mwenyewe. Asiposema, tumhesabu kuwa mtenda kazi, na Bwana wetu alipowatuma wale sabini na wawili alikwisha tuonyesha mtenda kazi anastahili nini.

Dhuluma ya pili ni ya jina. Ni jambo la kawaida sasa kuchukua sauti ya msunyunho au ya nindo, kubadili maneno, kuirekodi studio na kuandika jina la mtu mmoja kuwa "mtunzi". Wale waliomfundisha sauti ile hawatajwi hata kwa jina la kijiji chao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 yalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, ili hata watoto wake wasinyang'anywe. Tena sheria hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, zile ambazo ni mali ya jamii nzima, ili asitokee mtu wa kuzifanyia biashara kana kwamba amezizaa yeye. Kwa hiyo kuandika jina lako juu ya wimbo wa babu wa wenzako si kosa la adabu tu. Ni jambo lililogusa sheria ya nchi, na kabla ya hapo liligusa amri ya saba.

Dhuluma ya tatu ni ya kutokujua, nayo twashiriki sote. Haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake. Lakini mirabaha, yaani fedha zitokanazo na kazi hiyo kupigwa redioni, kwenye runinga na kumbini, hugawiwa kwa wale waliojiandikisha na kuziorodhesha kazi zao. Mzee wa ilimba asiye na simu ya kisasa na asiyejua kusoma hatajiandikisha peke yake. Anarekodiwa na kila mpita njia mwenye simu, sauti yake inasambaa duniani, naye abaki palepale chini ya mbuyu. Katika parokia zetu tunao walimu, makarani na vijana waliohitimu vyuo. Je, hawa wote hawawezi kumsaidia mzee mmoja kujaza karatasi moja?

Hatuna budi pia kusema neno juu ya akina mama. Katika desturi ya Kigogo wanawake ndio wenye muheme, ile ngoma ishikwayo kati ya mapaja, lakini ilimba na zeze na nafasi ya mbele ya kuongoza wimbo zilihesabiwa kuwa za wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe, walitoa albamu yao wenyewe iitwayo Maisha, kwa kampuni ile ile ya Real World. Waliokuwa nyuma sasa wamesimama mbele, kwa jina lao. Tunawapongeza, na tunauliza: katika vikundi vya vijijini kwetu, ambamo wapigaji wengi ni akina mama, fedha zikipatikana hushikwa na nani? Mama aliyepiga huzipokea kwa mkono wake, au huzisikia tu kwamba zilikuja?

Mwisho, tujitazame sisi kanisani. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na kupewa nafasi yake katika ibada. Katika nchi yetu hii Padre Stephen Mbunga alikuwa ameanza kazi hiyo hata kabla ya Mtaguso. Leo vipo vigango vinavyojiona duni mpaka vinunue kinanda cha umeme na vipaza sauti. Michango hukusanywa kwa miaka miwili, deni huchukuliwa, jumuiya hugombana, na umeme ukikatika kwaya hunyamaza, ingawa nyuma ya kanisa anakaa mtu awezaye kupiga zeze bila umeme. Hatukatazi kinanda. Twakataza deni la kuiga. Hapo ndipo maisha ya kiasi yanapopata maana yake ya kweli: sisi wenye kuchagua tuchague kidogo, ili yule asiye na la kuchagua apate kilicho chake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogondogo mambo manne, yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, katika bajeti ya kila sherehe, iwe ya parokia au ya harusi ya familia, fungu la wapiga ngoma liandikwe pamoja na la mpishi, nalo lipatanwe kabla ya siku yenyewe mbele ya mashahidi wawili. Pili, malipo yatolewe siku ile ile, na kila aliyepiga aone kwa macho kiasi kilichotolewa. Tatu, kwaya inayotumia sauti ya jadi iandike kijiji ilikotoka, na jina la mzee aliyeifundisha, na ikipata faida imkumbuke. Nne, kila parokia iteue mtu mmoja wa kuwasaidia wasanii wazee kujiandikisha na kusomewa mkataba wowote kabla ya kuweka dole gumba.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji wenyewe unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Mungu. Wavunaji wa Ugogo huvuna wakiimba. Jumapili ijayo, mnapokutana katika jumuiya zenu, mtajeni kwa jina mpigaji wa mwisho aliyewachezea, kisha mwulizane alilipwa nini. Ikiwa hakulipwa, nyumbani kwake mnakujua.